Kikombe cha Baba Shiko

Aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita na ajue haya machache. Ngina, dereva wa basi la shule pale Ruiru, aliona lori lililokatika breki likimgonga mtu wa bodaboda mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo moyo wake haukutulia. Ulikuwa ukimwenda mbio bila sababu, viganja vikilowa jasho, pumzi ikikatika. Asubuhi moja alisimamisha basi katikati ya barabara, watoto wakiwa ndani, akashindwa kuliondoa. Shule ikampa likizo. Hospitali ikampima, ikamwambia moyo hauna neno, ni wasiwasi uliopita kiasi.

"Rudi ukiwa mzima," Mwalimu Muriithi, mkurugenzi wa shule, alimwambia.

Basi Ngina akaamua kuwa mzima.

Alianza na chai. Alikuwa mtu wa chai nzito ya majani, asubuhi hadi jioni, na kahawa juu yake. Daktari alimwambia vitu hivyo vinamchochea moyo. Akaviacha. Kichwa kilimgonga siku za mwanzo kama mtu aliyeshinda kwenye kelele za posho mill ya kusaga mahindi, lakini hakurudi nyuma.

Kisha akaanza kutembea. Kila kukipambazuka alivaa raba za Shiko, binti yake aliyekuwa shule ya bweni, akaenda mguu mosi mguu pili hadi kwenye mashamba ya kahawa nje ya mji, akarudi. Akaacha kutazama video za ajali kwenye simu. Akapanda sukuma na mnanaa kwenye magunia nje ya mlango, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba mikono ikiwa kwenye udongo haitetemeki.

Na kupumua. Unavuta hewa kwa pua polepole, unaishikilia, unaiachilia kama mtu anayepuliza uji wa moto. Daktari ndiye aliyemfundisha. Majirani walipomkuta akifanya hivyo kwenye kamba ya nguo walidhani amefura kwa hasira.

Siku ya soko alienda Thika kwa Maxine, mama aliyeuza majani makavu na mizizi.

"Mimi sikuuzii muujiza," Maxine alimwambia akimfungia. "Huu ni mchaichai, na huu unga ni kamomili na mnanaa. Utakusaidia kulala kidogo. Mtu akikuambia majani yanaponya kila kitu, huyo toroka. Na hospitali usiache."

"Hospitali wameniambia niongee na mshauri. Foleni yake hata sijui itaisha lini."

"Basi ngoja foleni ukikunywa hii."

Nyumbani, mumewe Kiama alizitazama zile pakiti na kucheka. Kiama alikuwa na duka la spea za magari na alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na suti iliyopigwa pasi.

"Majani ni ya mbuzi, Mama Shiko," alisema.

"Basi mimi ni mbuzi. Niache nile."

Usiku ule Ngina aliamka tena akitweta, akafungua madirisha yote. Kiama akajifunika shuka hadi kichwani. Asubuhi hakumsemesha.

Lakini haikupita muda, Kiama akabadilika.

Jioni moja alitoka jikoni ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kiama, ambaye tangu waoane hakujua sufuria zinakaa wapi! Kikombe kilikuwa kinatoa mvuke na harufu ya mchaichai.

"Kunywa," alisema. "Nimekutilia asali."

"Wewe? Umepika wewe?"

"Si unasema yanasaidia? Mimi sitaki ukose usingizi."

Ngina alikunywa huku machozi yakimlengalenga. Mwanamke anaweza kuishi miaka mingi na mtu akingojea kikombe kimoja tu cha namna hiyo.

Akalala fofofo.

Jioni iliyofuata, kikombe tena. Na iliyofuata. Usingizi ukarudi, mzito kama blanketi lililolowa maji. Moyo ukaacha kumdundadunda. Alipita pale lori lilipomgonga yule mtu, akatazama lami, hakuhisi kitu.

"Umepona, aki," wanawake wa kanisani walimwambia. "Ulifanya nini?"

Jumapili moja alisimama mbele ya watu akatoa ushuhuda. Alisema aliyemponya ni Mungu, kutembea, majani, na mume wake anayempikia chai kila jioni. Kanisa zima likampigia Kiama makofi. Kiama aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Watu wakasema, ona unyenyekevu.

Mwalimu Muriithi alimrudishia funguo za basi.

Asubuhi ya kwanza ya kazi, Kiama alimpa thamosi ndogo. "Ya njiani," alisema. "Ndiyo ukae sawa barabarani."

Ngina alilichukua basi akiwa mtulivu kuliko alivyowahi kuwa maishani. Watoto walipiga kelele, pikipiki zikamkatia mbele, na yeye akaendesha kama mtu anayeota. Siku zikaenda hivyo. Kila asubuhi thamosi, kila jioni kikombe.

Mpaka asubuhi ile.

Basi liliiacha barabara polepole. Hakuna aliyelisukuma, hakuna gari lililowajia. Magurudumu ya kushoto yaliteleza kwenye ukingo, basi likainama, likalala ubavu mtaroni. Watoto wakapiga mayowe. Vioo vikamwagika.

Ngina alikuwa ameshika usukani, akiwaza kwa mbali, kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau kununua dukani, kwamba ilifaa aogope.

Hakuogopa. Hilo ndilo lililomtisha baadaye.

Watoto wote walitolewa wakiwa hai. Mmoja tu, Rayan, mvulana wa darasa la pili aliyependa kukaa nyuma ya dereva, alivunjika mkono.

Hospitalini walimtoa Ngina damu. Daktari akarudi uso ukiwa umekunjamana.

"Mama, unatumia dawa gani ya usingizi?"

"Situmii dawa. Nakunywa majani tu."

"Majani hayatoi majibu kama haya. Hii ni dawa ya chemisti, ya kuandikiwa na daktari, na imo nyingi. Umekuwa ukiitumia kwa muda."

"Daktari, naapa, sijameza kidonge hata kimoja."

Daktari alimtazama kama wanavyotazamwa walevi wanaosema walionja tu.

Mama yake Rayan aliingia kabla ya chakula cha mchana. Jina lake Amida, aliuza vitambaa mjini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Wazazi wengine walipotaka ufutwe kazi, nani alikutetea?" aliuliza.

"Wewe."

"Nilisema, huyu mama ni mgonjwa, si mbaya. Mpeni muda apone. Nilisema hivyo mbele ya wote." Akavuta buibui lake, akaketi. "Sasa mkono wa mwanangu una vyuma ndani. Nakuomba kitu kimoja tu, Mama Shiko. Niambie ulikunywa nini."

Kichwa cha Ngina kilikuwa kizito bado. Alitafuta ndani yake kitu cha kumpa huyu mwanamke, akapata kimoja tu.

"Unga," alisema. "Nilinunua kwa Maxine, Thika sokoni."

Amida akasimama akatoka. Kesho yake askari walimchukua Maxine pamoja na pakiti zake zote. Watu wa soko walisimama kando wakirekodi kwa simu, na mtu akaandika mtandaoni kwamba mchawi wa majani amekamatwa.

Ngina alirudishwa nyumbani. Kazi hakuna. Na hapo ugonjwa ukamrudia kwa kishindo.

Ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Mwili mzima ulitetemeka. Jasho lilimtoka hadi likalowesha godoro. Mwanga wa dirisha ulimchoma macho. Alijaribu kutembea, magoti yakamwangusha langoni. Alijaribu kupumua kama alivyofundishwa, pumzi ikakataa.

"Nipikie ile chai," alimwomba mumewe.

"Majani yaliisha," Kiama alisema, akatoka kwenda dukani. Tangu ajali hakuwa amepika kikombe hata kimoja.

Alipoona hali ni hiyo, Ngina alijikokota tena hadi kwa daktari. Daktari akamweleza wazi.

"Mwili umeizoea ile dawa. Ukiikata ghafla, unaweza hata kupata kifafa. Tutakupa kidogo kidogo, tukipunguza, mpaka itoke."

"Mnipe dawa ileile iliyoniangusha?"

"Ileile, lakini kwa kipimo, na sisi tukikuangalia."

Ngina akauliza swali lililokuwa likimla tangu siku ya ajali.

"Na kutembea kwangu? Kuacha kahawa, kupumua, mchaichai. Hivyo vyote havikufanya kitu?"

"Ni vitu vizuri," daktari alisema. "Vinasaidia watu wengi wenye wasiwasi. Pengine vilikuwa vinakusaidia."

"Pengine?"

"Mama, ile dawa ilituharibia kipimo. Sasa hatuwezi kujua."

Hilo lilimuuma kuliko kutetemeka. Alikuwa ameamka kila alfajiri, ameacha alivyovipenda, amepambana na mwili wake mpaka akasimama kanisani kusema nimeshinda. Kumbe huenda hakushinda chochote. Huenda alikuwa amelala tu akiwa wima.

Siku ya tatu tangu atoke kwa daktari, mgeni akabisha. Alikuwa mama yake Kiama, bibi yake Shiko, ambaye kila mtu nyumbani humwita Cucu. Alikuwa ametoka kwake Gatuanyaga na mfuko wa ndengu, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Ngai, mwanangu, umeisha hivi?" Cucu alisema, akamshika mashavu.

"Silali, Cucu."

"Hata mimi silali. Hii yetu sasa imekuwa nyumba ya bundi." Akacheka, akavua viatu. "Tangu daktari wangu akate dawa, nakaa tu macho wazi nikiongea na ng'ombe."

"Amekata dawa gani?"

"Si zile vidonge za usingizi nilipewa baba yenu alipokufa? Kiama huniletea kila mwezi kutoka Thika. Siku hizi ananileteaga nusu. Alisema daktari amesema mimi ni mzee, nipunguze."

Ngina aliuweka mfuko wa ndengu chini.

"Alianza lini kukuletea nusu, Cucu?"

"Wee, nitakumbuka? Wakati ule tulikuwa tunapalilia. Ule wakati wewe ulianza kupata nafuu, Mungu akubariki."

Ngina alimpikia Cucu uji, akamtilia maziwa, akamsindikiza hadi stendi. Njiani mzee alimshika mkono, akamwambia asikate tamaa, ana mume mwema.

Kutoka stendi alienda moja kwa moja dukani kwa Kiama.

Kulikuwa na mteja akitafuta fan belt. Kiama alimhudumia bila haraka, akamrudishia chenji, akamwambia karibu tena. Kisha akamtazama mkewe. Aliona. Akaenda akateremsha shata la mlango hadi nusu.

"Mama yako alikuwa nyumbani," Ngina alisema.

"Alinipigia."

"Vidonge vyake nusu viko wapi?"

Kiama alichukua kitambaa akaanza kupangusa kaunta iliyokuwa safi.

"Baba Shiko, nimekuuliza."

"Ulilala au hukulala?" Kiama aliuliza.

"Nini?"

"Nakuuliza wewe sasa. Ulikuwa unalala, au hukuwa unalala? Uliacha kutembea nyumba nzima usiku ukifungua madirisha, au hukuacha? Ulirudi kazini. Ulisimama kanisani ukacheka. Nani alifanya hiyo? Majani?"

"Uliniwekea dawa kwa chai."

"Nilikuponya!" Sauti ilimtoka, akaishusha upesi, akatazama chini ya shata. "Mimi pia ni mtu, Ngina. Nyumba ilikuwa imekuwa wodi. Kila siku moyo wangu, pumzi yangu, nakufa. Hufi! Nilikuwa nimechoka. Nikaona mama analala na kidonge kimoja tu kama mtoto. Nikasema wacha na huyu alale."

"Ulinipa na thamosi. Ulijua naenda kubeba watoto wa watu, ukanipa na thamosi."

Kiama alikunja kitambaa, akakikunjua.

"Nilipunguza ya asubuhi," alisema mwishowe. "Niliweka kidogo tu."

Ngina alitaka kupiga kelele, lakini kilichomtoka kilikuwa kicheko, kikavu, kibaya, ambacho hata yeye hakukifahamu.

"Kuna mwanamke amelala kituoni kwa sababu yako."

"Atatoka. Wakipima majani yake hawatapata kitu."

"Wasipopata watarudi kuniuliza mimi."

"Utasema ulinunua mwenyewe kwa chemisti. Ulikuwa mgonjwa, watakuhurumia." Akamkaribia, akaweka mkono begani kwake kwa upole uleule wa kikombe. "Mimi wakinishika, duka linafungwa, kanisani natolewa, Shiko anaitwa mtoto wa jela. Fikiria Shiko."

"Toa mkono."

"Na hata ukisema, Ngina," aliendelea bila kuutoa, "nani atakuamini? Wewe ndiye uliyesimamisha basi ukilia katikati ya barabara. Mji wote unajua kichwa chako kiko vipi."

Jioni hiyo kila mmoja alikula peke yake. Asubuhi Ngina alipoamka, Kiama alikuwa ameshaondoka. Suti ya kanisani haikuwa kwenye msumari wake.

Alimeza kidonge alichopimiwa na daktari. Alioga, akavaa gauni lake la heshima. Hadi shuleni alitembea kwa miguu, akisimama kila miguu ilipokataa, akivuta hewa, akiiachilia. Safari hii pumzi ilimtii kidogo. Alijua hiyo kidogo ni yake.

Alikuwa amempigia Amida simu tangu jioni, akamwomba wakutane kwa Mwalimu Muriithi. Aliwakuta wote wawili ofisini. Hakuna aliyesimama kumsalimu.

"Keti, Mama Shiko," Mwalimu alisema.

"Nitasema nikiwa nimesimama, maana nikiketi nitashindwa." Alishika mgongo wa kiti. "Maxine hana hatia. Unga wake haukuwa na kitu. Mimi ndiye niliyemtaja na nilikosea. Dawa niliwekewa kwa chai, jioni na asubuhi, bila mimi kujua. Aliyeniwekea ni mume wangu. Alikata vidonge vya mama yake akanipa mimi. Jana alikubali mbele yangu."

Alisema yote kwa pumzi moja. Alingoja washtuke.

Hawakushtuka. Mwalimu Muriithi na Amida walitazamana.

"Mzee Kiama alikuwa hapa," Mwalimu alisema taratibu. "Amekuja kabla hata geti halijafunguliwa."

"Alitaka nini?"

"Aliomba msamaha kwa niaba yako. Alisema ugonjwa umerudi, na safari hii umeshika kichwa. Alisema umeanza kumshuku, hata chakula chake huli. Alilia, Mama Shiko. Alilia kwenye hicho kiti umeshika."

Ngina aliuachilia mgongo wa kiti kama umemchoma.

"Alituambia utakuja," Amida alisema. "Na alituambia utasema hivi hivi ulivyosema."

Moyo wa Ngina ukaanza. Aliusikia ukipanda kutoka tumboni, ukigonga masikio. Viganja vikalowa. Akajua wanamwona, na kila tone la jasho usoni mwake lilikuwa likimshuhudia Kiama. Akiketi, ni mgonjwa. Akipaza sauti, ni mwenda wazimu. Akiondoka, amekiri.

Akavuta hewa kwa pua. Akaishikilia. Akaiachilia.

"Msiniamini mimi," alisema. "Mpigieni mama yake. Muulizeni analetewa vidonge vingapi siku hizi, na tangu lini."

Mwalimu alisita. Amida ndiye aliyesukuma simu yake juu ya meza.

"Weka namba. Na ufungue sauti tusikie wote."

Simu iliita sana. Ngina alikuwa karibu kukata tamaa ilipopokelewa. Kulisikika kuku, upepo, na mtu akikohoa.

"Cucu, ni Ngina. Niko shuleni na Mwalimu, na mama wa yule mtoto aliyeumia. Tafadhali waambie ulichoniambia jana kuhusu vidonge vyako."

Upepo tu.

"Cucu, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu." Sauti ya mzee ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyezeeka kutoka jana hadi leo. "Kiama yuko hapa. Amekuja na pikipiki, amepiga magoti mbele yangu na suti yake kwa vumbi, ananililia nisiongee, na hataki kuniambia amekosa nini. Sasa na wewe unanililia niongee."

Amida aliinama karibu na simu. Mwalimu Muriithi akavua miwani.

"Ngina," Cucu alisema, "kwanza wewe niambie. Huyu mtoto wangu amefanya nini na dawa zangu?"